Nimekwama dakika 1:31 kwenye mita 100 chali, nikiongeza mikono muda hausogei

Binti Raskazone:

Habari zenu wakuu. Naombeni msaada kwa wanaojua kuogelea kwa mashindano, siyo kwa kupunga upepo.

Nina miaka 29, niko Dar, na nimejiunga na klabu ya watu wazima tunaofanya mazoezi jioni baada ya kazi. Kwenye timu yetu ya kupokezana kwa mitindo minne nimepewa chali, kwa sababu hakuna mwingine aliyeitaka. Na chali ndiyo inayofungua, kwa hiyo nikichelewa mimi, wote wanabaki kufukuza.

Mita 100 naogelea 1:31. Bwawa ni la mita 25, la nje. Nusu ya kwanza naenda sekunde 41, nusu ya pili 50. Kila nikijaribu kuzungusha mikono haraka zaidi nachoka mapema na saa inasema kilekile. Urefu mmoja wa bwawa natumia mikono 27, yaani navuta mkono mara 27. Nagonga kamba ya njia, mara nyingi ya kushoto. Maji yananiingia puani. Nikikaribia ukuta napunguza mwendo kwa sababu siuoni, na bwawa letu halina zile bendera za juu zinazoonyesha ukuta umekaribia.

Nimekulia Tanga, kuogelea nimejifunzia baharini na kaka zangu, bwawa nimelijua ukubwani. Mtindo huru sina tatizo nao sana. Hii chali ndiyo inanitoa roho. Nianzie wapi?

Ngosha wa Ziwani:

Dada hapo ni pumzi na mabega tu. Piga pushapu asubuhi na jioni, kula ugali wa kutosha, mikono izunguke. Mimi huku Mwanza nalala chali ziwani mpaka usingizi unanipitia.

Kocha wa Nyali:

Binti, salaam kutoka Mombasa. Ngosha uniwie radhi, ila pushapu mia hazimsaidii mtu ambaye makalio yake yamezama.

Jibu umelitoa mwenyewe pale uliposema umejifunzia baharini. Mtoto wa pwani akilala chali baharini huinua kichwa, kwa kuwa lazima aone wimbi linalokuja na aone nani yuko miguuni pake. Chumvi inambeba, basi hapati hasara yoyote. Maji ya bahari ni mazito kuliko ya bwawa kwa kama asilimia mbili au tatu tu, lakini nyonga na mapaja yanaijua tofauti hiyo. Mlete bwawani na kichwa kilekile: kidevu kifuani, makalio chini, na tangu hapo yeye ni mashua inayoburuta nanga. Wewe sasa unataka kuongeza makasia. Ng'oa nanga kwanza.

Maji yana hesabu yake. Ukitaka kwenda kasi mara mbili, ukinzani wa maji unakaribia mara nne, na nguvu unayotoa inapanda zaidi ya hapo. Ndiyo maana ukizungusha mikono haraka na mwili umekaa vibaya unalipa bei kubwa na hupati kitu. Zile 41 na 50 zako zinasema hivyohivyo. Tofauti ya sekunde tisa kati ya nusu mbili si ya pumzi peke yake. Nyonga zinashuka kadiri unavyochoka, na zikishuka unachoka zaidi.

Kichwa basi. Masikio yote mawili ndani ya maji. Kati ya kidevu na kifua pabaki nafasi ya ngumi. Macho yaangalie juu, yakiegemea upande wa miguu kidogo sana. Usikitupe kichwa nyuma ukitafuta ukuta unaouendea, maana mgongo utapinda na maji yatakufunika uso, na hayo ndiyo nusu ya maji yanayokuingia puani. Nusu nyingine ni pumzi: toa hewa kwa pua mkono mmoja unapopita juu, vuta kwa mdomo mkono mwingine unapopita. Ukishika mpangilio huo hutakuwa na haja ya kibanio cha pua.

Zoezi la kichwa ninalolitumia kwa kila mtu, mtoto na meneja wa benki, ni kikombe cha plastiki. Kijaze maji nusu, kisimamishe kwenye paji la uso, mikono ilale pembeni mwa mapaja, upige miguu tu. Kikisimama urefu mzima, ongeza kuzungusha mabega, bega moja litoke majini kisha jingine, kichwa kisijue habari hizo. Halafu ndiyo uongeze mikono, polepole. Utamwagikiwa. Angalia kinaanguka wakati gani: kikianguka kila mkono wa kulia unapoingia, kasoro iko kulia, na hapo huhitaji kocha wa kukwambia.

Nabashiri kwako ni kulia kweli, kwa sababu unagonga kamba ya kushoto. Mkono wako wa kulia unaingia nyuma ya kichwa, unavuka katikati, nyonga zinatupwa upande, na mwili wote unapinda. Fikiria umelala juu ya saa ya ukutani, kichwa kiko saa sita. Mkono wa kulia uingie saa saba, wa kushoto saa tano. Ila siri ni hii: ukilenga saa saba utaingia saa sita, kwa kuwa mtu akilala chali hahisi mkono wake uko wapi. Lenga saa nane na saa nne. Utaona aibu, utadhani umetawanya mikono uwanja mzima. Mwambie mtu akupige picha ya video kutoka ukingoni, utakuta umeingia panapotakiwa.

Mkono utoke majini kidole gumba kikitangulia, uingie kidole cha mwisho kikitangulia. Ukiuingiza kwa mgongo wa kiganja unapiga maji kofi na kubeba mapovu, na mapovu hayashikiki.

Sasa hapa penye kasi yenyewe. Wengi waliojifundisha wenyewe wanavuta mkono ulionyooka kama ulivyoingia. Mkono ulionyooka mwanzoni unasukuma maji kwenda chini, mwishoni unayanyanyua kwenda juu, na wewe unapanda na kushuka badala ya kwenda mbele. Mkono ukishaingia, bega likizama nalo kidogo, kunja kiwiko. Kiwiko kielekee sakafu ya bwawa, kiganja kitazame miguu. Kiganja kikiwa usawa wa bega, kiwiko kiwe kimekunjwa karibu pembe mraba. Kuanzia hapo unasukuma maji yote kuelekea miguuni, na unamaliza kwa kuyabana chini kando ya paja. Huo mbano wa mwisho ndio unaoinua nyonga na kulitoa bega la upande huo juu ya maji, tayari kurudi.

Najua maneno hayo kwenye skrini hayafundishi mkono, kwa hiyo fanya hivi. Sogea karibu kabisa na kamba ya njia, iwe upande wa kulia. Ogelea chali, na mkono wa kulia ukiingia, ishike kamba chini ya maji kwa nyuma ya bega, ujivute mpaka kiganja kifike pajani. Huwezi kujivuta kwenye kamba kwa mkono ulionyooka, kiwiko kitajikunja chenyewe. Nenda urefu mmoja hivyo, urudi upande mwingine kwa mkono wa kushoto, kisha achana na kamba na uvute maji yaleyale. Nimeona watu wakikata mikono mitatu minne kwa urefu mmoja, jioni ileile.

Miguu: piga kutoka nyongani, magoti yasitoke juu ya maji. Vidole vya miguu vichemshe uso wa maji, visirushe. Mateke sita kwa kila mzunguko wa mikono miwili. Kama umecheza netiboli au unakimbia sana, vifundo vyako huenda vigumu. Kaa kikao cha swala nyayo zote mbili zikiwa zimelala, uegemee nyuma kidogo, dakika moja au mbili kila usiku mbele ya televisheni. Mtu mwenye vifundo vigumu anapiga miguu na kurudi nyuma, nimeyashuhudia hayo.

Na hesabu ya kujipima: chukua sekunde za urefu mmoja, jumlisha na idadi ya mikono. Kwa muda wako ni kama 23 na 27, yaani 50. Usiguse kasi ya mikono mpaka jumla hiyo ishuke. Nataka uende sekunde zilezile kwa mikono 22 au 23. Ukishafika hapo, ongeza mzunguko kidogokidogo, na jumla ikianza kupanda rudi nyuma. Saa peke yake inadanganya.

Jua nalo ni shetani kwa mwogeleaji wa chali wa huku kwetu. Saa sita mchana liko utosini, mtu anafumba macho na kuvuta kidevu kifuani, kazi yote ya kikombe inapotea. Vaa miwani ya kioo cheusi, au ogelea kabla ya saa mbili asubuhi na baada ya saa kumi jioni.

Ngosha wa Ziwani:

Kocha umenimaliza. Lakini niulize, hivi kuna mtu wa Afrika aliyewahi kubeba kitu kikubwa kwa chali, au tunajichosha?

Kocha wa Nyali:

Ngosha! Kirsty Coventry wa Zimbabwe alichukua dhahabu ya Olimpiki mita 200 chali Athens 2004, akairudia Beijing 2008, na mita 100 akapata medali ya fedha mara zote mbili. Ndiye huyohuyo aliyechaguliwa mwaka 2025 kuwa rais wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki. Na mwaka huohuo, mashindano ya dunia ya Singapore, Pieter Coetzé wa Afrika Kusini alishinda mita 100 chali kwa sekunde 51.85. Tafuta video ya fainali ya Coventry ya Beijing, usiangalie mikono, tazama kichwa tu. Utachoka kusubiri kitikisike.

Binti Raskazone:

Shikamoo kocha. Nimekuja na matokeo.

Nilimpa mwenzangu simu akanirekodi akiwa amesimama ukingoni. Wakuu, nimejiona nimeketi. Nimeketi kabisa, ni kiti tu kilichokosekana. Kidevu kiko kifuani, na mkono wa kulia unaingia nyuma ya sikio la kushoto kama ulivyobashiri. Kikombe kilinimwagikia hadi walinzi wa bwawa wakawa wanacheka, lakini baadaye kilisimama urefu mzima nikipiga miguu tu. Nikiweka mikono bado kinaanguka.

La kamba ndilo lililonishangaza. Nilipoiachia na kuvuta maji hivyohivyo nilihisi kiganja kimeshika kitu kizito, kitu ambacho sijawahi kukihisi kwenye chali. Jumla yangu imekuwa 46: sekunde 23, mikono 23. Kulenga saa nane ni kweli unaona aibu. Nilikuwa na hakika nimemgonga mtu wa njia ya pili.

Sasa kilichobaki ni ukuta. Mimi nageuka kwa kunyoosha mkono nyuma, napapasa, nashika, nakunja miguu, naondoka. Wenzangu wanageukia tumbo na kupinduka. Je, mimi ninachofanya kinaruhusiwa kwenye mashindano? Na wao je? Maana niliambiwa chali ni chali, ukilala tumbo umetolewa.

Mwamuzi wa Njia ya Nne:

Nijibu hili kwa sababu huwa nasimama kwenye ukuta wa kugeukia, huku Nairobi.

Unachofanya kinaruhusiwa. Ukigusa ukuta kwa mkono ukiwa bado chali kisha ukaondoka ukiwa chali, sina la kukuandikia. Zamani ilikuwa lazima ufanye hivyo. Mwaka 1991 sheria ikabadilika, na tangu wakati huo mwogeleaji anaweza kugeukia tumbo kabla ya ukuta, akapinduka na kugusa kwa miguu. Masharti ni kwamba ukishageuka tumbo uvute mkono mmoja mara moja tu bila kusita, au yote miwili kwa pamoja mara moja, na mvuto huo uwe ndio unaoanzisha kupinduka. Miguu ikiachana na ukuta uwe umerudi chali.

Ninaowatoa karibu wote wanakosea sehemu moja. Wanageuka mapema kwa woga, ukuta bado uko mbali, mkono umeshamaliza kuvuta, basi wanateleza juu ya tumbo wakipiga miguu mpaka wafike. Hiyo ni safari, siyo kugeuka, na mkono wangu unakwenda juu. Kwa hiyo kama hujui umbali wako kwenye ukuta, endelea kushika kwa mkono. Utapoteza muda kidogo lakini muda wako utaandikwa.

Mwisho wa mbio lazima uguse ukiwa chali. Wengine hugeuza kifua wakati wa kugusa ili waone saa. Samahani sana, wanatolewa.

Jambo la tatu ni mita 15. Baada ya kuanza na baada ya kila ukuta unaruhusiwa kuwa chini ya maji, lakini kichwa kiwe kimetokeza ukifika mita 15. Chimbuko lake ni Olimpiki ya Seoul, 1988. Mmarekani David Berkoff na Mjapani Daichi Suzuki walikuwa wanapita zaidi ya nusu ya urefu wa kwanza wakiwa chini, wamelala chali na kupiga miguu yote miwili kwa pamoja mtindo wa pomboo. Berkoff aliweka rekodi ya dunia kwenye mchujo, Suzuki akachukua dhahabu fainali. Wakubwa wa mchezo wakaweka kikomo cha mita 10, baadaye kikawa 15. Chini kule hakuna mawimbi ya kupigana nayo, ndiyo maana walikuwa hawataki kutoka.

Kocha wa Nyali:

Asante mwamuzi, umenipunguzia kazi.

Marahaba binti. 46 ni nzuri, na usiisogeze bado. Acha mwili uizoee.

Kuhusu kukaa chini ya maji, hayo ya Berkoff yaache. Mtu wa 1:31 akikaa chini mita 12 anatokea amekata pumzi na anaipa nusu ya pili adhabu. Kwako mateke ya pomboo matatu au manne baada ya kila ukuta yanatosha, mikono imenyooshwa juu ya kichwa, kiganja juu ya kiganja, mabega yameziba masikio. Na hapo puani ndipo maji yanapoingia kwa fujo, kwa hiyo tangu unasukuma ukuta hadi unatokea, vuma kwa pua, mmmm, usikatize. Ukihisi mwendo wako chini umekuwa mdogo kuliko wa juu, umeshachelewa, toka.

Ukuta unahesabiwa, hautafutwi. Bendera sheria inazitaka mita 5 kutoka kila ukuta, na angalau mita 1.8 juu ya maji. Ukizipita macho yakiwa juu unaanza kuhesabu mikono. Watu wazima wengi wanafika kwa minne au mitano, lakini hesabu yako itafute mwenyewe, na uitafute kwa kasi ya mbio, maana ukienda polepole unapata hesabu nyingine kabisa. Mara ya kwanza mwenzako asimame ukutani na aweke kiganja kati ya kichwa chako na tofali. Tukisema ni mikono mitano mpaka kugusa, basi wa kugeuza tumbo utakuwa na hesabu pungufu ya hapo kwa mmoja au miwili. Kwa sasa shika kwa mkono kama alivyosema mwamuzi, ila uushike kwa kasi yote, usipapase. Hapo pekee unaweza kuokota sekunde moja nzima kwa kila ukuta, na katika mita 100 kuta za kugeuka ni tatu.

Bendera mtengeneze wenyewe. Huku tulikuwa tunachana kanga kuukuu vipande virefu vya rangi kali, nyekundu na njano zinaonekana vizuri zaidi angani, tunavifunga kwenye kamba ya katani kila baada ya nusu mita. Pima mita 5 kutoka ukutani kwa futi ya fundi, usikadirie kwa hatua. Nguzo za miavuli zinafaa kufungia kama ni nzito, lakini omba ruhusa kwa wenye bwawa na mfungue mkimaliza. Na kamba ivutwe ikakamae, ikilegea katikati inashuka na mtu wa njia ya kati anaona iko karibu kuliko ilivyo.

Ratiba ya wiki hii: kikombe, kamba, kisha mita 50 mara sita kwa jumla ya 46 kila urefu, pumzika mpaka uweze kuongea sentensi nzima. Ukiona jumla imepanda kwenye ile ya tano, simamisha zoezi, nenda nyumbani. Kuogelea vibaya ukiwa umechoka ni kujifunza kuogelea vibaya.

Binti Raskazone:

Kanga zipo, mama yangu ana sanduku zima. Nyekundu sijui kama atanipa. Mita 50 mara sita naanza Jumanne, nitaleta majibu.

Ngosha wa Ziwani:

Kocha, na mimi huku ziwani bendera nifunge wapi?

Kocha wa Nyali:

Ngosha, wewe huna ukuta. Amka tu kabla hujafika Ukerewe.